Namna ya kupata picha na sauti safi kwenye vichekesho vya majini, kuanzia kanda mpaka flashi

Wakuu habari za muda huu. Hii naiandika kwa ajili ya kila mwenye kabati au boksi la CD za vichekesho vya majini na mizimu, zile muvi za jini aliyekosea nyumba, mganga anakimbizwa na mzimu aliouita mwenyewe, marehemu anarudi usiku kudai deni lake la gengeni. Wengi wanaziita za hovyo, kelele nyingi, matusi ya kuzungukazunguka, mtu kaanguka kwenye ndoo basi watu wanacheka, lakini iweke sebuleni uone kama kuna atakayenyanyuka. Mimi nazipenda na nasema wazi, na kinachoniuma ni kwamba tunaziangalia kwenye nakala mbovu mpaka mtu anadhani ubovu ni wa muvi yenyewe kumbe ni wa kopi aliyonayo.

Sisi wa Tanga hili linatuhusu zaidi. Marehemu mzee King Majuto, mchekeshaji, alikuwa mtu wa hapahapa, kafariki tarehe 8 Agosti 2018 na kuzikwa hukuhuku nyumbani, mchekeshaji Sharo Milionea naye wa Muheza na ajali iliyomuondoa 26 Novemba 2012 ilitokea Muheza hiyohiyo. Vichekesho vya kizazi kile vilikuwa vinatengenezwa kwa ajili ya CD na DVD moja kwa moja, havikuonyeshwa sinema kwanza, kwa hiyo hakuna reli kubwa ya filamu imelala stoo mahali inasubiri kusafishwa. Ile diski iliyo kabatini kwako na mikwaruzo yake inawezekana kabisa ikawa ni nakala nzuri kuliko nyingi zinazozunguka mtandaoni. Ndiyo maana nasema uishughulikie leo, masika yakipita mara kadhaa juu yake unaweza usiikute.

Kwa nini kopi mbovu inaua hizi muvi kuliko nyingine

Muvi ya mapenzi hata ikiwa na chenga utaielewa, wakilia utaona wanalia. Kichekesho cha jini hapana. Chukua ile sini ambayo ipo karibu kwenye kila muvi ya aina hii: mzee kakaa jikoni usiku anakula kiporo, mezani kuna chemli moja, nyuma yake mlango uko wazi na nje ni giza. Jini linachungulia, linaingiza mkono taratibu, linabeba kipande cha samaki kwenye sahani, mzee anageuka hakuna mtu, anamfokea paka. Kicheko chote kipo kwenye ule mkono. Kwenye nakala nzuri unauona unajitokeza gizani kidogo kidogo, unaanza kucheka kabla mzee hajageuka. Kwenye kopi iliyotolewa kwenye kopi, ile sehemu ya mlango yote imekuwa vibokisi vyeusi vinavyochezacheza, mkono huuoni, unashtukia tu samaki hayupo na mzee anagombana na paka, na mtoto wako anakuuliza kwani kimetokea nini.

Vile vibokisi vina sababu yake. Mfumo wa VCD na DVD unaikata picha vipande vya nukta 8 kwa 8 halafu unapunguza taarifa ndani ya kila kipande ili muvi iingie kwenye diski. Data ikiwa haitoshi, kitu cha kwanza kutupwa ni tofauti ndogondogo, na giza lote ni tofauti ndogondogo. Vinavyoutesa mfumo huu kuliko vyote ni giza, moshi na maji, sasa jiulize muvi ya jini ina nini kama siyo giza, moshi wa ubani na mtu anaibukia kisimani. Ongeza na kwamba zilipigwa kwa kamera ndogo, usiku, kwa taa moja au mbili, picha yenyewe tangu mwanzo ina punje punje, na punje zinakula data kama mchwa. Kwa hiyo ukitaka kufaidi hizi muvi pigania vitu viwili tu, kuona gizani na kusikia maneno. Mengine yote ni ziada.

Jua kwanza unacho nini mkononi

Kanda ya VHS ina uwezo wa mistari kama 240 kwa upana wa picha, siyo mingi, lakini giza lake ni laini, halina vibokisi. Kama una kanda orijino isiyoota ukungu usiidharau hata kidogo.

VCD, hii ndiyo iliyojaa majumbani, zile muvi zinazokuja diski mbili kwa sababu moja inabeba dakika 74 mpaka 80 tu. Picha yake kwa PAL, mfumo wa TV tunaotumia huku kwetu, ni nukta 352 kwa 288. Ukizidisha ni kama laki moja na elfu moja, wakati TV ya Full HD ina zaidi ya milioni mbili, yaani TV yako inachukua nukta moja na kuitanua iwe ishirini, ndiyo maana kwenye TV ya chogo ilikuwa inapendeza na kwenye flati ya inchi 50 mtu anaonekana kama kapakwa uji. Jambo jingine, VCD inapewa data ileile kila sekunde, kama kilobiti 1,150 upande wa picha, iwe mtu kakaa kimya mchana au jini linalipuka kwenye moshi. Kwenye moshi lazima ifeli.

DVD ni nukta 720 kwa 576, mara nne ya VCD, na inaweza kupanda mpaka kama kilobiti 9,800 pale panapohitaji. Muvi ya dakika 90 ikikaa peke yake kwenye DVD ya GB 4.7 inapata wastani wa karibu 7,000 kwa sekunde, hapo mkono wa jini utauona vizuri. Lakini sikiliza hapa ndugu yangu, hapa ndipo watu wengi wanapigwa. Zile DVD za muvi kumi kwa moja. Gawa GB 4.7 kwa kumi unapata MB 470 kwa muvi, kwa dakika 90 ni kilobiti kama 700 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Hiyo ni ndogo kuliko VCD! Umelipia neno DVD lililoandikwa kwenye kava. Zile zilizowekwa kwa mfumo wa mp4 zinavumilika kidogo kwa sababu mfumo huo unabana vizuri zaidi, ila bado giza litavunjika. Ukiwa na chaguo kati ya VCD orijino ya diski mbili na DVD ya kumi kwa moja, chukua VCD bila kufikiri.

Za kuingiziwa kwenye flashi zinategemea aliyeingiza kazitoa wapi, na jina la faili siyo ushahidi. Mtu anachukua VCD anaitanua anaiandika 1080p, faili linakuwa kubwa, picha ni ileile. Namna ya kupima ni hivi: usipime gizani, pima mchana. Tafuta sini ya nje kwenye jua, mtu uso mzima, simamisha picha uangalie nyusi na nywele za mbele. Kama nywele ni doa moja jeusi lisilo na unywele hata mmoja, chanzo ni VCD hata faili likiwa na GB 4. Halafu nenda kwenye majina ya mwanzo, angalia kingo za herufi, kama zimezungukwa na vumbi linalotetemeka hiyo imebanwa zaidi ya mara moja. Kwenye laptop fungua kwa VLC, ile programu ya kuchezea video, ubonyeze Ctrl na J, utaona ukubwa halisi wa picha na aina ya kodeki, yaani njia iliyotumika kuibana, na kwenye kipengele cha takwimu data inavyopanda na kushuka wakati muvi inaenda.

Kitu kingine kinacholeta ubishi vibandani ni urefu. Muvi za nje, zile za Marekani za mizimu na vichekesho, zilipigwa picha 24 kwa sekunde, na kwenye PAL mara nyingi zinaendeshwa 25. Muvi ya dakika 100 inatoka kwa dakika 96. Haijakatwa, inakimbia tu, na sauti zinapanda kidogo juu. Kwa hiyo dakika nne zikipungua usimgombeze muuzaji bure, ila zikipungua ishirini hapo kweli kuna mtu kakata.

Kukagua CD kabla hujatoa hela

Geuza upande unaong'aa, utaona mikwaruzo, hiyo siyo ya kutisha sana kama haijazama. Watu wanaishia hapo wakati kwenye CD na VCD hatari iko upande wa juu, wenye picha. Kile kitu kinachong'aa kinachorudisha mwanga kimekaa chini ya rangi tu, hakina kinga ya maana, ukikwaruza juu umeondoa data yenyewe na hakuna fundi wa kuirudisha. Inyanyue usawa wa taa au jua, tazama kupitia ndani. Ukiona vitobo vidogo vinavyopitisha mwanga kama nyota, hapo muvi itaganda. Vikiwa karibu na katikati ni mwanzo wa muvi, vikiwa pembeni ni mwisho, maana diski inasomwa kuanzia ndani kwenda nje. DVD iko salama zaidi, data yake imebanwa katikati ya plastiki mbili, lakini kwa hali ya hewa yetu ya chumvi angalia kama pembeni imeanza kubanduka au kuwa na rangi ya kahawia.

Stempu za TRA kwenye kazi za filamu na muziki zilianza 2013, ukikuta CD ya baada ya hapo yenye stempu hiyo ni dalili nzuri kuwa umeshika orijino, na orijino inamaanisha imetoka kwenye masta, yaani nakala mama ya mtengenezaji, siyo kopi ya kopi. Hapa sheria na ubora wa picha vinaenda pamoja kabisa, aliyekunyonya pesa kwa kopi feki kakunyonya na picha, na msanii naye hakupata kitu. Zile za kabla ya 2013 angalia kava limechapwa vizuri au limetolewa fotokopi ya rangi, na upande wa chini ukiwa wa kijani au zambarau ujue imechomwa kwa kompyuta, za kiwandani zinakuwa za fedha.

Kusafisha

Maji safi ya uvuguvugu, tone la sabuni ya maji ya vyombo, kitambaa laini cha pamba kisicho na uzi mgumu. Futa kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Sababu ni kwamba data imepangwa kwa kuzunguka, ukiacha mkwaruzo wa kuzunguka umefuta data nyingi zinazofuatana, mkwaruzo wa kukatisha deki inauruka kwa sababu kuna akiba ya kurekebisha makosa. Acha ikauke kivulini. Dawa ya mswaki watu wanaitumia sana, inasaidia mkwaruzo mdogo kwa sababu inasugua plastiki, lakini fanya hivyo tu kwa diski ambayo imegoma kabisa na huna njia nyingine. Petroli, tina, spiriti za kutolea rangi, hapana, zinaifanya plastiki iwe na ukungu wa milele.

Kwa kanda tazama kwenye kile kidirisha. Ukiona unga mweupe au utando kwenye ukingo wa mkanda hiyo ni kuvu, na kwa Tanga ni kawaida sana, mtu anayekaa Raskazone au Chumbageni karibu na bahari anajua hata pasi ya chuma inavyoota kutu kabatini. Kanda yenye kuvu usiiweke kwenye deki unayoipenda. Itachafua kichwa cha deki na kichwa kitachafua kanda nyingine zote utakazoweka baadaye. Iweke kwanza kwenye chombo kinachofunga pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu na vifaa vya umeme, uiache humo kwa siku nyingi mpaka ikauke, halafu mpelekee fundi anayeweza kufungua kasha na kupangusa mkanda. Ngamiani bado wapo mafundi wa zamani wa deki za kanda, ulizia kwa watu wazima wa mtaa siyo kwa vijana wa simu.

Kuhamishia kwenye kompyuta

DVD na VCD unahitaji laptop yenye sehemu ya CD, au ile ya nje ya USB. Kwa VCD fungua folda linaloitwa MPEGAV, ndani kuna faili la DAT, kwa kawaida AVSEQ01, hilo ndilo muvi yenyewe. Lihamishe kama lilivyo, ukitaka ubadilishe mwisho wa jina kuwa mpg na VLC italicheza. Usilibane tena! VCD haina cha kupunguzwa, ukibana umeua kilichobaki. Diski zote mbili ziweke kwenye folda moja uziite pati 1 na pati 2, usiziunganishe kwa programu zinazobana upya.

Kwa DVD kuna folda la VIDEO_TS lenye mafaili ya VOB ya karibu GB moja moja. Ukiwa na nafasi kwenye eksteno, ile diski ya nje ya kuhifadhia, hifadhi folda zima kama lilivyo, hiyo ndiyo masta yako wewe, halafu kopi ya kuangalia tengeneza pembeni kwa HandBrake, programu ya kubadilisha video, ni ya bure. Mpangilio ninaoutumia kwa vichekesho vya giza ni kodeki ya H.264, ubora RF 18 (namba ikishuka ubora unapanda), siyo 22 wanayoacha watu, kwa sababu kwenye 22 mchana unapendeza na usiku unavunjika. Ukubwa wa picha acha uleule wa DVD, usitanue, TV itatanua yenyewe vizuri tu. Picha kwa sekunde weka sawa na chanzo.

Halafu kuna mistari. Muvi zetu nyingi zilipigwa kwa kamera za video ambazo zinagawa kila picha nusu mbili, mistari ya juu na ya chini kwa zamu, kwenye TV ya chogo huoni kitu ila kwenye kompyuta mtu akikimbia anatokea meno ya kitana pembeni mwake. Na kwenye hizi muvi watu wanakimbia muda wote. Kwenye HandBrake washa kipengele cha kuondoa mistari, wanakiita deinterlace au decomb, kwenye VLC ukiwa unaangalia tu bonyeza D. Kwa VCD hakuna dawa ya namna hiyo, ule mfumo ulishatupa nusu ya mistari tangu mwanzo, na kama aliyetengeneza alichanganya nusu mbili badala ya kuchagua moja utaona kila anayetembea ana kivuli chake cha pili kinamfuata. Ubaya wake kwenye muvi ya jini hujui kama hicho kivuli ni sehemu ya hadithi au la. Dalili rahisi, kama hata paka na bodaboda wana kivuli hicho basi ni kopi, siyo mzimu.

Ukaguzi wa mwisho kabla hujafurahi ni ule ujanja wa kutokea na kutoweka. Jini lipo, halipo. Ule ni ujanja wa zamani mno, Mfaransa Georges Méliès alikuwa anaufanya tangu 1896, unasimamisha kamera, mtu anatoka, unaendelea kupiga. Unategemea picha moja tu kubadilika, kwa hiyo kopi inayorukaruka picha inauharibu, jini linatoweka nusu, au linaganda likiwa limebaki kichwa. Nenda kwenye sini ya hivyo, isogeze picha moja moja kwa kubonyeza E kwenye VLC, kama badiliko liko safi basi kopi yako iko salama.

Diski ikigoma katikati usilazimishe kwa kuitoa na kuirudisha. Jaribu kwenye kompyuta nyingine kwanza, kila kichwa cha kusoma kina tabia yake, diski iliyogoma kwenye mashine mpya nimeona inasomwa vizuri tu kwenye kompyuta ya zamani ya stationari.

Kanda ndiyo kazi ya subira. Deki ya kanda, waya za AV, njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti, zinaingia kwenye kile kifaa cha USB cha kurekodia, na inarekodi kwa muda uleule wa muvi, dakika 90 ni dakika 90. Kabla ya kurekodi peleka kanda mpaka mwisho halafu irudishe yote ili mkanda ukazike sawa, na rekebisha trakingi, kile kitufe cha deki cha kuweka picha sawa, mpaka ule mstari wa chenga ushuke chini ya picha. Rekodi kwa ubora wa juu kabisa kifaa kinachoruhusu, utabana baadaye. Umeme wetu unaujua, laptop iwe na chaji kamili na deki uipitishe kwenye stabilaiza, umeme ukikatika mkanda ukiwa unazunguka unaweza ukang'atwa.

Siku ya kuangalia

TV inavyotoka dukani imewekwa ile hali ya kung'aa sana, Vivid au Dynamic. Itoe hapo, weka Movie au Cinema. Punguza Sharpness karibu na sifuri, kwa sababu kwenye VCD haiongezi ukali wowote, inachonga tu kingo za vile vibokisi. Kile kipengele cha kulainisha mwendo zima. Noise reduction kwa VCD weka ya kati, kwa DVD nzuri izime, inafuta punje na inafuta na mkono wa jini.

Giza usilitibu kwa kuongeza Brightness, ukiongeza hiyo weusi wote unageuka kijivu na vibokisi vinatoka hadharani. Kinachotakiwa ni gamma. VLC iko kwenye Tools, halafu Effects and Filters, upande wa video, panda kidogo kidogo, 1.2 mpaka 1.3 inatosha, inainua kivuli bila kuharibu weusi. Kama umeunganisha laptop kwa HDMI na giza limezama lote hakuna unachokiona, angalia mpangilio wa rangi wa HDMI, kuna Limited na Full, laptop na TV zikitofautiana ndiyo giza linamezwa au linakuwa la kijivu.

Umbo la picha jamani. Muvi za zamani ni 4 kwa 3, acha zikae na mapengo meusi pembeni. Ukizitanua zijaze kioo unawafanya wote wanene, na mchekeshaji ambaye kazi yake yote iko kwenye umbo lake na mwendo wake umemharibia. VLC ukibonyeza A inazungusha maumbo mpaka upate sahihi, tafuta kitu cha duara kwenye picha, sinia, tairi la baiskeli, likiwa duara umefika. Kwa VCD kwenye TV kubwa rudisha kochi nyuma, hakuna mpangilio unaoshinda hilo.

Zima taa za sebule, au acha moja nyuma ya TV. Bulbu ikiwa inapiga kwenye kioo kazi yote ya gamma imepotea.

Sauti

Hii naiona kama nusu ya muvi. Kasoro ya hizi kazi inajulikana, muziki wa kutisha umepigwa juu, maneno yako chini, na utani mzuri kuliko wote mtu anauongea kwa kunong'ona kwa sababu anamuogopa jini aliyeko chumba cha pili. Ukiongeza sauti umsikie, jini likitokea majirani wanaamka. Dawa ipo VLC palepale kwenye Effects, upande wa sauti kuna compressor, iwashe, inabana kelele na kuinua minong'ono. Halafu ekwalaiza, shusha besi, panda kidogo kwenye kilohezi 2 mpaka 4, hapo ndipo konsonanti za maneno zinakaa. Kama una sabufa ipunguze kabisa usiku huo, tunataka kumsikia mzee akibishana na mzimu kuhusu kodi ya nyumba, siyo madirisha yatetemeke.

Sauti ikitangulia au kuchelewa nyuma ya midomo, K na J kwenye VLC zinaisogeza sehemu ndogo ndogo. Pima kwa kofi. Hizi muvi makofi hayakosekani, mkono ukigusa shavu na mlio uwe hapohapo. Zile zilizotafsiriwa na DJ ni habari nyingine, pale sauti ya muvi imeshushwa makusudi na DJ anaongea juu yake, ukishusha besi DJ anakuwa wazi zaidi, ila usitegemee kumrudisha muigizaji, hayo yameshachanganywa.

Kugawana na kutunza

Ukitaka kumtumia ndugu aliyeko Pangani au Lushoto kipande kwa WhatsApp, kitume kama dokumenti, ukituma kama video inabanwa tena na giza lote linaondoka. Muvi nzima kuirusha mtandaoni au kuiuza kwenye flashi siyo yako kufanya, ni ya mwenye kazi, na wengi wao au familia zao wameanza kuziweka wenyewe YouTube, angalia huko kwanza kwenye chaneli ya mhusika, wakati mwingine wameitoa kwenye masta na inapita ulichonacho. Ukitaka kuonyesha kibandani kwa kiingilio hiyo ni biashara, ina vibali vyake, ulizia COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, na Bodi ya Filamu.

Diski zisimamishe wima ndani ya makasha yake, mbali na ukuta wa nje unaonyonya unyevu, mbali na dirisha linalopigwa na jua la mchana. Usiandike juu kwa kalamu ya wino mkali, andika kwenye kile kiduara cha plastiki cha katikati. Kanda nazo wima, zikiwa zimerudishwa mwanzo. Na mafaili yaweke sehemu mbili, eksteno yako na ya mtu mwingine anayekaa nyumba nyingine, kila baada ya miezi kadhaa uichomeke uone inafunguka. Jina la faili liwe na jina la muvi, pati, na umetoa wapi, mfano VCD orijino au kanda, ili siku mtu akija na nakala nzuri zaidi ujue ya kwako inakaa au inaondoka.